Mtoto wa Chumba cha Usukani

Kamati ya Vipaumbele vya Utafiti ilikuwa na wajumbe wengi, na karibu wote walipenda meli zisizo na watu. Ukiwasikiliza ungedhani binadamu ndiye uchafu wa mwisho uliobaki baharini, na kwamba akishapanguswa dunia itang'aa. Kwenye ukuta wa chumba cha mkutano palimulikwa rasimu yao. Kipaumbele cha kwanza: meli zinazojiendesha zenyewe. Cha pili: akili bandia ya kuchagua njia fupi baharini. Cha tatu: mizigo inayosafiri bila karatasi hata moja. Orodha ilishuka hivyo hivyo hadi chini, kila kitu cha kesho na keshokutwa, hakuna cha leo.

Mkufunzi aliisoma yote, akairudia, kisha akanyoosha mkono. Yeye ndiye aliyewafundisha manahodha wa vivuko kutumia ramani za kidijitali. Aliwafundishia ghorofa ya chini, katika chumba ambacho bahari yake ni skrini zilizozunguka kuta tatu, na ndiyo maana watu walikiita "meli ya ukutani". Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini. Kwenye kamati ile aliwekwa kwa sababu kanuni zilitaka awepo angalau mtu mmoja aliyewahi kushika usukani kwa kazi ya kila siku, na walipomweka walitumaini atakunywa chai na kutia sahihi.

"Na kelele je?" aliuliza.

"Kelele gani?" akasema Mkurugenzi wa Mamlaka ya vivuko, aliyeongoza kikao.

"Kengele za tahadhari. Kivuko kikivuka mara moja tu na kurudi, zinalia mpaka mtu unasahau jina la mama yako. Ukikaribia boya, inalia. Setilaiti ikipotea kidogo, inalia. Friji ya jikoni ikipata joto, nayo inalia huko huko juu kwa nahodha. Kabla hatujatafuta meli ya kujiendesha, tutafiti kwanza namna ya kuzipunguza hizi, huyu anayeendesha leo apate nafasi ya kufikiri. Naomba iwe namba moja."

Mshauri, bwana wa suti ya kijivu aliyekodiwa kuiandika rasimu, alicheka kwa pua. "Kwa heshima zote," alisema, "dunia inazungumzia meli bila nahodha, sisi tuzungumzie friji?"

Watu wakacheka. Mkurugenzi hakucheka. Alikuwa nahodha kabla hajawa mtu wa zulia na kiti cha kuzunguka, na alijua vizuri Mkufunzi anaelekea wapi. Akaegemea meza, akalainisha sauti kama mtu anayembembeleza mgonjwa ameze dawa.

"Mkufunzi, dada yangu. Tunakuelewa kabisa. Lakini mambo ya nyumbani tuyaache nyumbani."

Kila mtu akaangalia kikombe chake. Hapakuwa na asiyejua. Mdogo wake Mkufunzi, wa tumbo moja, alikuwa nahodha wa kivuko, na miezi michache nyuma alikipandisha chombo juu ya fungu la mchanga, mchana kweupe, kikiwa kimejaa abiria. Fungu lilikuwa limehama baada ya mvua kubwa, ramani haikuwa na habari. Kipimo cha kina kilijua na kiliita, lakini kengele yake ilikuwa imenyamazishwa. Hakufa mtu. Mama mmoja alivunjika mkono, na abiria wakashinda juani wakisubiri maji yajae. Taarifa ya uchunguzi ilitumia neno moja tu, uzembe, na leseni yake ikafungiwa kusubiri kikao cha mwisho. Kikao hicho ama kingemrudishia, ama kingemfutia maisha.

Kwa hiyo ndiyo, yalikuwa mambo ya nyumbani. Lakini yalikuwa pia mambo ya Mamlaka nzima ya vivuko, na Mkufunzi alishapiga hesabu yake. Kelele zikiingia kwenye orodha, Mamlaka itakuwa imekiri kwa mkono wake kwamba tatizo lipo. Na tatizo likiwepo, mdogo wake hakuwa mzembe peke yake. Mkurugenzi naye alikuwa amepiga hesabu hiyo hiyo, tena mapema zaidi.

"Si mambo ya nyumbani," Mkufunzi alisema. "Ni mambo ya chumba cha usukani. Na wewe umekaa humo miaka mingi kuliko mimi."

"Enzi zangu," Mkurugenzi akajibu, "kulikuwa na nidhamu."

Enzi zake! Hapa mtu mwenye moyo mwepesi angerusha kikombe. Maana kulikuwa na jambo ambalo kila mwenye leseni pale bandarini alilijua, kuanzia aliyeipata jana hadi aliyestaafu na magoti yake. Chini ya ramani ya kidijitali, kwenye kila kivuko, kuna kitufe chekundu cha kunyamazisha kengele. Ukikibonyeza inanyamaza, lakini punde tu inapata sababu nyingine na kuanza upya. Manahodha, watu wenye akili zao, waligundua kwamba ukikunja kipande cha boksi la majani ya chai na kukipachika ukingoni mwa kile kitufe, kinabaki kimezama, na amani inatawala hadi gatini. Waliita hivyo kumlaza mtoto. Wakati wa kupokezana zamu, anayeingia aliuliza, "Mtoto kalala?" Anayetoka akajibu, "Fofofo." Na aliyesifiwa kuliko wote kwa kukunja boksi, ambaye lake halikuchomoka hata bahari ichafuke vipi, alikuwa ni huyu huyu Mkurugenzi, katika enzi zake za nidhamu.

Siku ya uchunguzi wa ile ajali, Mkufunzi alisimama akaomba manahodha waulizwe juu ya kumlaza mtoto. Wakaulizwa, mmoja mmoja, chini ya kiapo. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa chama chao, mzee waliyemwita Kofia kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuona upara wake. Kofia alitazama dari. "Mtoto?" alisema. "Mtoto yupi? Mimi sijawahi kusikia neno hilo." Waliomfuata wakaimba wimbo huo huo. Mkurugenzi, kutoka kiti cha mbele, akatikisa kichwa kwa masikitiko na kusema ni mara yake ya kwanza kusikia jambo la ajabu namna ile. Na mdogo wake Mkufunzi, aliyeweza kuwataja wote kwa majina, aliinamisha uso na kusema, "Nilizima mimi." Basi.

Turudi kwenye kamati. Rasimu ile haikupitishwa kwenye mkutano ule, kwa sababu Mkufunzi alikataa kutia sahihi yake na akidi ya kitaalamu haikutimia. Ikapangwa wakutane tena wiki inayofuata. Kwa bahati mbaya au kwa makusudi, asubuhi hiyo hiyo, chumba hicho hicho, mara baada ya orodha kupita, ndipo kikao cha leseni kilipopangwa.

*

Alimkuta mdogo wake kwa mama yao, jikoni, akitengeneza birika lisilo na ubovu. Tangu afungiwe leseni alikuwa anakuja pale kila asubuhi, kwa sababu nyumbani kwake mke alimwangalia kwa huruma, na huruma ya mke, alisema, ni nzito kuliko nanga. Kwa mama hapakuwa na huruma. Kwa mama palikuwa na kazi.

"Wamekataa?" aliuliza bila kuinua macho.

"Wamekataa. Wanakutana tena wiki ijayo. Wakipitisha orodha bila kelele kuwamo, unaingia wewe, na wanakumaliza."

"Basi nitaenda nichukue changu nirudi."

"Changu kipi? Kwani umeiba?" Mkufunzi alivuta kigoda akakaa mbele yake. "Nisikilize. Ukisimama ukawataja tu, hadithi inageuka. Kofia. Yule mrefu wa kivuko cha pili. Mkurugenzi mwenyewe."

"Siwataji, dada."

"Wao walikutetea?"

"Walinyamaza."

"Hawakunyamaza, walidanganya! Tena wakiwa wamekula kiapo."

"Wana watoto wanasoma." Aliweka birika chini. Alikuwa na mikono mikubwa, na tangu ikose usukani haikujua ipumzikie wapi. "Nikimtaja mmoja, zinafutwa leseni zote. Nani atavusha watu? Na boksi nililikunja mimi, dada. Hakunikunjia mtu. Yule mama aliyevunjika mkono, nimemvunja mimi."

Hasira ilimpanda Mkufunzi, na mbaya zaidi haikuwa juu ya Mkurugenzi peke yake. Alimkasirikia mdogo wake kwa kuwa mtu mwema mahali ambapo wema haukuwa na soko.

Mama yao, aliyekuwa akichambua mboga dirishani, alikuwa ameisikia kesi ile mara nyingi kiasi cha kuweza kuihukumu. Akageuka na kisu mkononi.

"Hebu nieleweshwe," alisema, "maana mimi sikusoma bahari. Hao wenzako wameapa kwamba huyo mtoto wenu hawamlazi?"

"Wameapa, mama."

"Na sheria inasemaje akilia?"

"Upunguze mwendo, utafute anachokililia, uandike, ndipo umnyamazishe."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Basi si wafanye walichoapa? Mwenye kusema hambebi mtoto, aachwe naye usiku mmoja tuone. Msimtaje mtu, msigombane na mtu. Mwacheni alie." Akarudi kwenye mboga zake. "Na hilo birika lilikuwa zima, sasa ukiliharibu utanunua jingine."

Ndugu wawili wakatazamana. Mdogo mtu alianza kutikisa kichwa kukataa, kichwa kikaishia katikati.

*

Kila mwaka manahodha walipaswa kurudi kwenye meli ya ukutani kunolewa upya, na zamu yao ilikuwa juma lile. Walikuja na soga zao, wakasimama mbele ya usukani wa mazoezi, maji ya kwenye skrini yakiyumba mbele yao. Kofia alikuwa katikati, na kofia yake.

Chumba kile kilikuwa na aibu moja. Vipaza sauti vyake vilichomolewa nyaya zamani, kwa amri, kwa sababu ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa juu yake na kelele zilimsumbua akiwa na wageni. Yaani manahodha wa bandari nzima walifundishwa kuongoza vyombo kwenye bahari bubu, kisha wakatupwa kwenye vyombo vinavyopiga kelele kama soko, kisha wakahukumiwa kwa kutosikia. Ukilitafakari hilo sana unaweza kupandwa na presha. Mkufunzi hakulitafakari. Alikuja mapema siku hiyo na bisibisi, akazirudisha nyaya mahali pake.

"Leo tunavuka kama sheria inavyosema," aliwaambia. "Nahodha Kofia, shika."

Walipoondoka tu gatini, kengele ikalia. Mkono wa Kofia ulienda kwenye kitufe peke yake, kama unavyofukuza nzi.

"Hapana," alisema Mkufunzi. "Punguza mwendo. Tafuta chanzo. Andika. Ndipo ubonyeze."

Kofia akapunguza, akatafuta, akaandika. Kabla hajaiweka kalamu chini, nyingine ikalia. Wenzake wakaanza kucheka, kisha wakaacha. Hawajafika hata kwenye boya la kwanza, mlango ukafunguliwa, akaingia karani wa Mkurugenzi akiwa ameziba masikio.

"Mkurugenzi anasema mzime hiyo kitu! Ana watu!"

"Mwambie namsalimu," Mkufunzi alisema. "Na aniandikie kwa sahihi yake kwamba kengele za tahadhari zizimwe. Akiandika, nazima papo hapo."

Karani alimwangalia, akaangalia dari, akaondoka. Kengele ziliendelea. Wote mle ndani walisubiri karatasi ishuke kutoka juu, na jinsi ilivyochelewa ndivyo nyuso zilivyobadilika. Haikushuka. Mkufunzi akapunguza mwenyewe sauti ya kengele ili asikike.

"Mmeona? Anataka zizimwe, ila hataki ijulikane kwamba anataka. Hapo ndipo alipokwamia mdogo wangu. Hakukwamia kwenye mchanga."

"Mwalimu," Kofia alisema polepole, "unatuomba tugome?"

"Nani kataja kugoma? Kugoma ni kuvunja sheria, nami ni mtumishi wa Mamlaka. Nawaomba mtii. Mliapa kwamba hamjawahi kumlaza mtoto. Basi, siku ile ya kikao, msimlaze. Hamtakuwa mmemtaja mtu wala kumsaliti mtu."

"Vivuko vitakwenda kwa mwendo wa kobe. Watu watachelewa makazini."

"Watachelewa."

"Watatutukana."

"Watawatukana sana. Mdogo wangu ametukanwa hadi na watu wasiojua kuogelea, na bado yu hai." Akawatazama mmoja mmoja, kama siku ile walivyoulizwa mmoja mmoja. "Anayajua majina yenu yote. Nimemsihi ayataje, nimelia mbele yake, hataki. Anasema mna watoto wanasoma. Hayo ndiyo niliyotaka myajue. Kipindi kimekwisha."

Walitoka, na Kofia alitoka wa mwisho bila hata kuaga. Mkufunzi alibaki na bahari yake ya umeme akijiambia kwamba amechelewa, kwamba woga ukishakula kiapo haurudi nyuma, na kwamba akishindwa itabidi awe na mdogo wa kutengeneza mabirika hadi uzee. Alizima mitambo kwa kuipiga ngumi.

*

Asubuhi ya kikao, kiti cha Mkurugenzi kilikuwa kitupu. Aliishi ng'ambo na alivuka kwa kivuko kama watu wote, na kwa kawaida alifika mapema kuliko mafagio. Mwakilishi wa wizara, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba ambaye kwenye mkutano uliopita hakusema lolote lakini ndiye angeongoza Mkurugenzi asipofika, aliketi kiti cha pembeni akaitazama saa ya ukutani. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Milango na madirisha yote yalifunguliwa, na kwenye benchi la ukumbini, hatua chache kutoka mlangoni, alikaa mdogo wake Mkufunzi ndani ya shati jeupe alilopigiwa pasi na mkewe, akingoja kuitwa.

Mkufunzi alikwenda dirishani. Vivuko vilikuwa katikati ya maji, vyote. Kimoja kilisogea kidogo, kikasimama. Cha pili kilikuwa kimesimama. Cha tatu, cha Kofia, kilisogea kama mtu anayepita chumba chenye mgonjwa, kisha nacho kikasimama. Gatini foleni ya watu ilikuwa imefika barabarani, na hadi pale juu ulisikika ule mguno wa umati uliochukia. Mkufunzi alishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Machozi yalimjia bila taarifa, akayafuta kwa kiganja kabla hayajaonwa na Mshauri.

Simu ya mezani ikalia. Mshauri akaibonyeza ili wote wasikie.

"Nipo kwenye kivuko!" Sauti ya Mkurugenzi ilijaza chumba, na nyuma yake kengele zilijaza kilichobaki. "Tumesimama tena! Nimepanda juu kwa nahodha kuuliza kuna nini, ananionesha kitabu cha sheria! Endeleeni, pitisheni rasimu, mimi nipo kwenye laini!"

"Hatukusikii vizuri, Mkurugenzi," alisema mama wa wizara.

"Nasema pitisheni! Mkufunzi yupo hapo? Mkufunzi! Hii ni kazi yako! Waambie waache!"

Mkufunzi alirudi mezani, akainamia simu. "Waache nini, Mkurugenzi? Kutii?"

"Usinichezee! Nina watu mia wananizomea hapa!"

"Wanafuata utaratibu ule ule uliomhukumia mdogo wangu. Ukitaka wauache, sema. Sema waache upi, kamati inakusikia. Mimi sitamwambia mtu yeyote avunje sheria yako kwa niaba yako. Nimechoka, na mdogo wangu ameshavunja ya kutosha kwa niaba yenu wote!"

Kengele mbili zikalia kwa pamoja upande wa pili. Mkurugenzi alisema kitu, kikamezwa. Akarudia, kikamezwa. Kisha wakamsikia akigeuka kutoka kwenye simu na kupiga kelele kwa sauti ya zamani, sauti ya nahodha, isiyo na zulia hata kidogo:

"Kofia, mlaze huyo mtoto bwana, nazungumza na watu!"

Chumba kizima kilisikia. Hata waliokuwa wakijipepea walisimamisha makaratasi. Na kutoka mbali kidogo, bila haraka, ikaja sauti ya mzee.

"Nimlaze nani, Mkurugenzi? Mtoto yupi? Mimi sijawahi kusikia neno hilo. Niliapa mbele yako."

Mama wa wizara aliweka kalamu chini. "Mkurugenzi," aliita, "ni mtoto gani huyo?"

Kengele ndizo zilizomjibu. Mkurugenzi hakukata simu. Labda alisahau, labda hakupata kitufe kwa kiwewe. Mshauri alinyoosha mkono kuizima, mama wa wizara akaupiga kofi dogo kama wa mtoto anayedokoa.

"Iache. Nataka kuisikia."

Wakaisikiliza. Ililia, ikakoma, ikalia. Baada ya muda wajumbe walianza kukunja nyuso. Mmoja alijishika paji, mwingine akasogeza kiti chake mbali na meza, na Mshauri akawa anaitazama ile simu kwa chuki, kama imemtukania wazazi.

"Hiyo ni setilaiti," ilisema sauti mlangoni. "Kona ile huwa inapotea kila siku."

Mdogo wake Mkufunzi alikuwa amesimama pale. Hakuitwa. Alikuwa ameinuka kwenye benchi bila kujua, macho yake yakipita juu ya vichwa vya kamati hadi dirishani, kwenye kivuko cha Kofia.

"Sasa anapita boya la pili." Ikalia. "Hiyo ya katikati ni friji. Saa hizi wanauza vinywaji, mlango unaachwa wazi."

Mama wa wizara alivua miwani. "Na ile ya siku yako?" aliuliza. "Ile ya kina, iliyopaswa kulia kabla ya fungu. Hiyo inaliaje? Ikilia uniambie."

Akasikiliza kidogo, kichwa kimeinama upande.

"Ndiyo hiyo hiyo, mama," alisema. "Zote zinalia hivyo hivyo."

Mama wa wizara aliirudisha miwani usoni, akageukia ukuta ilipomulikwa rasimu.

"Bwana Mshauri, futa hiyo namba moja, uandike kelele," alisema. "Na wewe, nahodha, ingia ukae. Unasimamaje mlangoni?"

Tangu siku ya fungu hakuna aliyemwita hivyo ndani ya jengo lile. Alisita kidogo, kisha akaingia. Dada yake akamsogezea kiti cha Mkurugenzi, kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi.